Mdogo wangu kaambiwa ana sarkoma pajani, naombeni ushauri

MzeeWaGungu: Habari za jioni wakuu. Mdogo wangu ana miaka 34, mvuvi wa dagaa hapa Kigoma. Mwaka jana aliota uvimbe nyuma ya paja la kushoto. Hauumi, hauwashi. Tukasema ni mafuta tu, au msuli umejivuta kwa kazi ya nyavu. Ulipofika ukubwa wa yai la bata akaenda zahanati moja, wakampasua, nyuzi saba, ile nyama wakaitupa. Baada ya miezi mitatu ukarudi palepale kwenye kovu, mkubwa kuliko wa kwanza. Safari hii hospitalini wamechukua kinyama, majibu: sarkoma ya tishu laini. Daktari alieleza mengi ila nilichoshika ni "saratani" tu. Bi mkubwa analia kwamba mwanawe atakatwa mguu. Wajomba wanataka aanze miti shamba. Nifanyeje?

Fomalini: Pole sana mkuu. Mimi ni mtu wa maabara ya patholojia, matibabu nawaachia wenyewe. Sarkoma za tishu laini huanzia kwenye msuli, mafuta, neva, mishipa ya damu, vitu vya namna hiyo. Ziko aina zaidi ya 50, lakini kwa watu wazima ni kama saratani 1 tu katika kila 100, ndiyo maana mhudumu anaweza kustaafu bila kuiona hata moja. Uvimbe ulioko ndani ya msuli, unaokua, au uliozidi sentimita 5, haupasuliwi kabla ya kupimwa kinyama. Na kutouma kusimdanganye mtu. Ukipasua kienyeji seli zinabaki kwenye kidonda. Yaliyopita yamepita, sasa asikubali kupasuliwa tena mpaka madaktari wa saratani wamwone. Karatasi inasema aina gani, gredi (kiwango cha ukali) ngapi?

BintiUjiji: Samahani, si ndiyo ile ya madoa meusi ya wenye VVU?

Fomalini: Hapana dada. Hiyo ni Kaposi, nayo ni sarkoma ila ina kirusi chake na matibabu yake. Huyu wa paja msianze kumnyooshea vidole.

Mnyamwezi_Tabora: Mkuu, mama yangu mdogo alipata hii kwenye paja. Nasi tulilia mguu kabla ya kuuliza. Walitoa uvimbe pamoja na nyama nzima ya pembeni, kisha mionzi wiki tano. Anachechemea, lakini gulioni anakutangulia. Wajomba waambie miti shamba isubiri. Kwetu ilikula miezi miwili na mbuzi watatu.

Fomalini: Na si bahati yake tu. Mwaka 1982 Wamarekani walichapisha utafiti uliolinganisha kukata mguu na kutoa uvimbe kisha mionzi: kuishi hakukutofautiana. Wapo wanaokatwa bado, inategemea umegusa nini. Kabla ya kupanga watataka picha za MRI ya paja na CT ya kifua, maana sarkoma ikisafiri hupenda mapafu. Omba rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar.

MzeeWaGungu: Asanteni sana, nimeshusha pumzi. Karatasi ninayo: gredi 2, aina wameandika "isubiri vipimo zaidi".

Fomalini: Basi muhimu zaidi: maabara iliyosoma kinyama ina slaidi (vioo vyenye vipande vyembamba vya hicho kinyama) na bloku ya nta, kipande chenyewe kimezamishwa humo. Viombe kwa maandishi, usafiri navyo. Ukienda mikono mitupu wanaweza kumchoma sindano ya kuchukua kinyama upya, na wiki zinapita.

MzeeWaGungu: Tunapanda basi la Mwanza Jumatatu. Bi mkubwa kanituma niulize: hiyo bloku inawekwa kwenye barafu kama samaki?

Fomalini: 😀 Mwambie hapana. Ifungwe kwenye bahasha, ikae begi la mkononi. Isiachwe juani tu, ni nta.