Bima ya kituo cha afya Lamu: je, bima ya daktari inatosha?

Bi Langoni (Lamu)

Assalamu alaykum. Nasimamia kituo kidogo cha kujifungulia, cha watu binafsi, katika nyumba ya mawe ya ghorofa mbili yenye paa la makuti. Bima yetu inakwisha mwezi ujao, na wakala ametuletea hati moja anayosema imekusanya kila kitu: moto, wizi, jengo, vifaa, na mgeni akiteleza akaumia ndani ya kituo. Nilipomuuliza kuhusu madai ya uzembe wa kitabibu, alinijibu kwamba hilo halituhusu, kwa kuwa daktari anayetujia ana bima yake ya taaluma, na kwamba tukiwa na mkataba na SHA, mamlaka ya serikali ya bima ya afya, wagonjwa wetu wamekwisha kukingwa. Jibu hilo halikuniridhisha, maana usiku wanaozalisha ni wakunga wetu na daktari huwa hayupo. Naomba mwongozo wa wenye ujuzi kabla sijatia saini.

Wakili wa Pwani (Malindi)

Wa alaykum salaam, Bi Langoni. Wakala wako amechanganya mambo mawili yasiyokutana. SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, hulipia huduma aliyopewa mgonjwa. Mama akidai kwamba mwanawe aliumia kwa kucheleweshewa rufaa, SHA haitakulipia wakili wala fidia. Bima ya daktari nayo inamkinga daktari. Mkunga mliyemwajiri akikosea akiwa kazini, mwajiri ndiye anayeshtakiwa, na hata kosa likiwa la daktari mgeni, wakili wa mlalamikaji hataacha kukiunganisha kituo katika kesi. Kwa hiyo mnahitaji bima ya dhima ya kitaaluma, yaani inayolipa mtu akidai fidia kwa kosa la kazi yenu, iliyoandikwa kwa jina la kituo chenyewe, inayowataja wauguzi, wakunga na madaktari wa muda.

Jambo la pili ni tarehe, na kwa kituo cha uzazi hili ni zito kuliko kiwango cha ada. Ziko hati zinazoangalia siku ya tukio, na ziko zinazoangalia siku dai lilipowasilishwa. Hii ya pili ndiyo iliyoenea katika bima za taaluma, nayo ina mtego: mtoto amezaliwa mwaka huu, mwakani mkahamia kampuni nyingine, kisha dai likaja mwaka wa tatu, kampuni ya zamani itasema hati yake imekwisha, na mpya itasema tukio lilitangulia hati yake. Sheria ya Kenya inatoa miaka 3 kufungua kesi ya uzembe, lakini mahakama inaweza kuruhusu kesi iliyochelewa iwapo mlalamikaji hakuyajua mambo ya msingi mapema, na athari za uzazi mgumu mara nyingi huonekana mtoto anaposhindwa kukaa au kutembea. Hakikisheni hati mpya inataja tarehe ya nyuma, yaani siku ambayo matukio ya tangu hapo yanakingwa, inayofika siku mlipoanza bima ya aina hii, pasiwe na pengo hata la siku moja.

Maalim Bima (Malindi)

Naunga mkono aliyosema Wakili. Mimi nitagusia jengo, kwa kuwa huko ndiko ninakoona watu wakilia. Kama kulijenga upya kunahitaji shilingi milioni 20 na nyinyi mmelikatia bima ya milioni 12 ili ada ipungue, moto ukiharibu vitu vya milioni 5 mtalipwa kwa uwiano huohuo, yaani milioni 3 tu, tena kabla ya kukatwa ile sehemu mnayobeba wenyewe. Nyumba ya mji wa kale, yenye boriti na chokaa na mafundi wake maalumu, haijengwi kwa bei ya nyumba ya matofali, basi mtafuteni mthamini anayeijua kazi hiyo. Makuti myataje waziwazi katika fomu ya maombi. Ukinyamaza, ndipo dai linapokataliwa. Hati ya kawaida ya moto haigusi ugaidi, na kwa Lamu, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya 2014, kifungu hicho hununuliwa peke yake.

Bima ya wafanyakazi wanaoumia kazini ni lazima kwa mwajiri chini ya sheria ya mwaka 2007, na mkunga aliyechomwa na sindano anahusika. Tena ada ilipwe kwanza: kisheria kampuni haibebi hatari kabla ya kupokea pesa, hata wakala akikuahidi vipi.

Muuguzi wa Shela

Msisahau friji. Chanjo na oksitosini huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8, na stima ikikatika usiku jenereta ikagoma, hasara hiyo haimo katika bima ya moto. Inataka kifungu chake cha bidhaa kuharibika. Mkaguzi wa bima atakachokiomba kwanza ni lile daftari linaloning'inia kando ya friji, lenye joto la asubuhi na jioni. Ukurasa wenye mapengo, au ulioandikwa wiki nzima kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, humpa sababu ya kusita.

La pili ni boti. Mama akipelekwa rufaa hadi Mokowe kwa mota boti ya kukodi, bima ya gari la wagonjwa haimfuati majini. Ulizeni kama hati ya taaluma inamkinga mkunga anapohudumia nje ya jengo, na mdai kuiona bima ya mwenye boti.

Bi Langoni (Lamu)

Nawashukuru sana. Bima ya dhima ya kitaaluma kwa jina la kituo hatujapata kuwa nayo. Je, tarehe ya nyuma itaanzia wapi?

Wakili wa Pwani (Malindi)

Kwa kawaida itaanzia siku hati itakapoanza, Bi Langoni. Kampuni nyingine hukubali kurudi nyuma kwa ada ya ziada, mkitia saini tamko kwamba hamna habari ya tukio lolote linaloweza kuzaa dai. Kabla ya kulitia saini, pitieni rejista ya uzazi pamoja na mafaili ya rufaa, na kila mlilo na shaka nalo mlitaje kwa maandishi.