Unga wa Lusaka

*Kikundi: Ukoo wa Tandika*

Mjukuu (Chuo): Shikamooni wakubwa. Nina kazi ya chuo: kwa nini watu wengi huingia barabarani, na je, hilo ndilo linaloleta demokrasia? Babu, 1990 ulikuwa Zambia, naomba unisaidie.

Babu: Marahaba. Nilikuwa karakana ya reli ya Tazara, Mpika. Juni ile serikali ilipandisha bei ya unga zaidi ya maradufu. Lusaka ikawaka, wanafunzi wa chuo kikuu wakatoka, watu zaidi ya 20 wakafa. Mwisho wa mwezi luteni mmoja akatangaza redioni kwamba ameipindua serikali. Alikamatwa siku hiyohiyo, lakini watu walikuwa wameshatoka kushangilia.

Mjomba: Kwa hiyo njaa ndiyo ilimtoa Rais Kaunda.

Babu: Hapana, na hapo ndipo wengi mnakosea. Desemba 1986 unga ulipanda vilevile. Copperbelt, kwenye migodi ya shaba, watu walikufa. Serikali ikarudisha bei, kila mtu akarudi kwake, chama kimoja kikaendelea.

Dada: Sasa 1990 kulikuwa na nini cha zaidi?

Babu: Kulikuwa na watu wa kuipokea ile hasira. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, lililoongozwa na Chiluba, lilikuwa na wanachama mpaka migodini. Julai tu wakakutana Lusaka na wasomi na wafanyabiashara, likazaliwa vuguvugu la MMD. Dai likawa moja: vyama vingi. Bei ya unga unaweza kuishusha kesho watu wakanyamaza. Dai la katiba hulinyamazishi hivyo. Desemba sheria ikabadilishwa, 31 Oktoba 1991 wakapiga kura, Kaunda akashindwa baada ya miaka 27. Na alikubali, hilo lazima tumpe.

Shangazi: Mbona Sudan walijipanga? Mkate ulipanda Desemba 2018, mji wa Atbara ukaanza, madaktari na walimu wakaongoza. Leo ni vita.

Babu: Rais wao, Bashir, aliondolewa na jeshi, Aprili 2019, na jeshi likabaki mezani. Oktoba 2021 likachukua vyote. 2023 majenerali wakageukiana. Kaunda aliondolewa na kura, askari wakiwa kambini.

Mjomba: Sisi Tanzania hatukuandamana. Tume ya Nyalali, iliyokusanya maoni kuhusu vyama, ilikuta kama asilimia 80 wanataka chama kimoja, na bado 1992 vyama vingi vikaja.

Mjukuu (Chuo): Lakini Mjomba, tume iliundwa 1991, majirani wengi wakiwa kwenye moto huohuo. Viongozi wetu walikuwa wanaona.

Mama: Baba, mwezi ule mama alikuwa akienda stesheni kila treni ikiingia, anauliza kama umeonekana.

Babu: Najua, mwanangu. Sikuwaandikia kwa sababu sikujua niandike nini. Kijana mmoja wa karakana, mdogo wake alipigwa risasi Lusaka. Tulimchangia nauli akazike. Mjukuu wangu, liandike na hilo.

Mjukuu (Chuo): Nitaliandika, Babu. Jumapili nakuja nikurekodi.