Naomba ushauri: kanisa la mchumba wangu linataka nibatizwe upya kabla ya ndoa

Mwalimu wa Tabora: Wanajamvi, habari za jioni. Mimi ni mwalimu hapa Tabora Mjini, Mmoraviani kwa malezi, na baba yangu ni mzee wa kanisa. Mchumba wangu anasali katika kanisa la Kibaptisti linalojitegemea, lenye msimamo mkali. Mahari imekwisha kupokelewa. Wiki iliyopita mchungaji wake alituita, akanisogezea karatasi iliyopigwa chapa yenye mahali pa kuweka sahihi: nibatizwe kwa kuzamishwa, niache suruali, nijitoe katika kwaya yetu kwa kuwa inatumia ngoma, na watoto tutakaojaliwa wasibatizwe wakiwa wachanga. Mstari wa kwaya alikuwa ameupigia kalamu nyekundu. Mchumba wangu alikaa kimya muda wote. Baba amekataa katakata, akisema aliyekwisha kupata kipaimara habatizwi tena. Nifanye nini?

Mama Isevya: Pole, mwanangu. Nimekulia katika kanisa la namna hiyo. Kwao maji uliyonyunyiziwa utotoni hayahesabiki kuwa ubatizo, kwa sababu wanaamini kwamba mtu hutangulia kuamini kwa hiari yake ndipo azamishwe, na bila hivyo hutakuwa mshirika wala hutashiriki Meza ya Bwana pamoja na mumeo. Hilo hawatalilegeza. Suruali na ngoma ni taratibu za kusanyiko lenyewe, maana wako Wabaptisti wengi nchini wanaoimba kwa ngoma bila wasiwasi wowote.

Jambo ambalo wachumba hawalitazami ni utawala. Kwenu kuna wilaya, jimbo na sinodi, kwa hiyo mchungaji akikukosea unapo pa kupeleka shauri. Kanisa linalojitegemea halina askofu wala sinodi juu yake, neno la mwisho ni la washirika, na washirika mara nyingi humfuata mchungaji wao. Siku mkigombana, shauri litaishia kwa yuleyule aliyekusogezea karatasi. Ndiyo maana kinachonitia shaka zaidi ni ule ukimya wa mchumba wako. Muulize mkiwa wawili tu: mchungaji akisema hili kuhusu mshahara wangu au malezi ya watoto, nami nikasema lile, wewe utasimama wapi?

Wakili wa Kijiweni: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu ndoa ya kiserikali: mnatoa taarifa bomani siku 21 kabla, na hakuna atakayewauliza madhehebu. Mshahara wako pia ni mali yako hata ukiolewa.

Kijana wa Cheyo: Natofautiana nanyi. Mke hufuata kwa mumewe, na mzee alipopokea mahari alijua kijana anasali wapi.

Mama Isevya: Alijua anasali wapi, ndugu yangu. Karatasi hakuonyeshwa.

Mwalimu wa Tabora: Nashukuruni nyote. Nimemuuliza jana. Amesema sharti la kuzamishwa hawezi kulipunguza, ila ya kwaya na suruali atakwenda kuyazungumza na mchungaji yeye mwenyewe. Baba naye ameagiza mshenga aitwe kabla sijaweka sahihi popote. Mama, kuna wakati kanisa la namna hiyo hufungisha ndoa kila mmoja akabaki na dhehebu lake?

Mama Isevya: Nilikokulia, hapana. Waliotaka hivyo walikwenda bomani, na mume akaondolewa katika kufundisha shule ya Jumapili. Mwambie mchumba wako aulize na hilo atakapokwenda.