Kubadilisha leni: vioo vikirekebishwa vizuri, bado ni lazima kugeuza shingo?

Swali

Ndugu madereva, naomba ushauri wenu katika jambo ambalo limeninyima utulivu tangu juma lililopita. Nimepata leseni miezi 7 iliyopita, na kila siku napita katika barabara kuu yenye leni tatu kwa kila upande. Siku hiyo nilikuwa katika leni ya kati, nikataka kuhamia leni ya upande wa abiria ili nitoke kwenye mchepuko uliokuwa mbele yangu. Nilitazama kioo cha ndani, nikatazama kioo cha pembeni, nikawasha indiketa, na kwa kuwa vioo vyote viwili vilionyesha barabara tupu, nikaanza kusogea. Honi ililia karibu sana, nami nikarudisha usukani kabla hata sijajua inatoka wapi. Pikipiki ilikuwa sambamba na mlango wangu wa nyuma, na naamini ilikuwa hapo muda wote niliokuwa nikitazama vioo. Hakuna aliyeumia, lakini ule mtazamo wa mwendeshaji aliponipita haujanitoka.

Nina maswali mawili. Mwenzangu kazini anasema kwamba vioo vya pembeni vikitanuliwa ipasavyo, yaani vikisukumwa kutazama nje zaidi, hakuna haja ya kugeuza shingo, na kwamba kugeuka kwenyewe ni hatari kwa sababu dereva anaacha kutazama mbele. Ilhali mwalimu wangu wa udereva alisisitiza kwamba lazima nigeuke kila mara. Nimfuate nani? La pili ni kwamba kila ninapogeuza kichwa, gari nalo hufuata upande ule ule, kwa hiyo nageuka upesi mno kwa hofu na kurudisha macho mbele bila kuona chochote cha maana. Wenzangu mnafanyaje?

Jibu la 1

Pole sana, na ninafurahi kwamba wewe na yule mwendeshaji mko salama. Nimefundisha udereva kwa miaka mingi, na tukio ulilolieleza ndilo ninalolisikia mara nyingi zaidi kutoka kwa madereva wapya, karibu kwa maneno hayo hayo: «nilitazama vioo vyote na sikuona kitu».

Elewa kwanza eneo lile lisiloonekana limetoka wapi. Kioo cha ndani kinaonyesha kile kinachopita katika dirisha la nyuma tu, na dirisha hilo limebanwa na nguzo za nyuma, viegemeo vya vichwa na abiria. Kioo cha pembeni kinaonyesha ukanda mwembamba unaoanzia ubavuni mwa gari na kupanuka kadiri unavyokwenda nyuma. Macho yako yanapotazama mbele, hunasa vitu vya pembeni hadi karibu usawa wa mabega. Kati ya mahali kioo kinapoishia na mahali jicho linapoanzia kuna pembe iliyobaki wazi, yenye upana wa kutosha kuficha gari dogo zima, sembuse pikipiki.

Sasa angalia jambo ambalo wanafunzi wangu wengi hawalitarajii. Chombo kinachokuja kwa kasi kubwa hakikai humo. Kikikuzidi kwa kilomita 36 kwa saa, kinakukaribia kwa mita 10 kila sekunde, na sehemu ya mita 5 kinaivuka kwa nusu sekunde. Lakini kikikuzidi kwa kilomita 3.6 tu kwa saa, kinasogea mita 1 kwa sekunde, na sehemu ile ile kitaivuka kwa sekunde 5 au zaidi. Kwa hiyo anayeelekea kukupotea machoni ni yule anayekwenda karibu sawa nawe, na katika barabara yenye magari mengi karibu kila mtu anakwenda sawa na jirani yake. Pikipiki yako haikutokea ghafla, bali ilisindikizana nawe.

Kuhusu gari kufuata kichwa, tatizo liko mabegani. Ukigeuza kiwiliwili, bega moja linarudi nyuma, mkono wake unavuta usukani, na gari linatii. Geuza kidevu peke yake hadi kikaribie bega, mgongo ukibaki umegusa kiti, na mikono yote miwili ikiwa imeshika usukani pande zake mbili kwa usawa. Angalia pia umbali wa kiti chako: dereva anayeendesha mikono ikiwa imenyooka hawezi kugeuza hata kidevu bila kuuvuta usukani, kwa hiyo sogeza kiti mpaka viwiko vipinde kidogo. Halafu usilitafute dirisha la nyuma, kwani hilo ni kazi ya kioo. Unachotaka kuona ni leni iliyo kando yako, kupitia dirisha la mlango wa nyuma.

Na hapa ndipo ile haraka yako inapokuponza. Jicho linaporuka kutoka sehemu moja hadi nyingine, ubongo huizima picha kwa kitambo kidogo, ndiyo maana hatuoni dunia ikizunguka kila tunapogeuza macho. Anayepitisha jicho bila kulituliza popote amegeuka, lakini hajatazama. Litulize jicho juu ya lami ya leni ile, hata kwa kitambo kifupi, kisha urudi mbele.

Fanya zoezi hili gari likiwa limesimama mahali salama na injini imezimwa. Mwombe mtu atembee polepole kutoka nyuma ya gari kuelekea mbele, akiwa umbali wa leni moja kutoka ubavuni. Wewe tazama kioo tu, na umwambie asimame pale anapopotea. Kisha geuza kidevu umwone. Ukishajua kwa macho yako mwenyewe mahali anapopotea, hutahitaji mtu wa kukusisitizia tena.

Jibu la 2

Namheshimu mwalimu aliyetangulia, ila ningependa kumtetea kidogo yule mwenzako wa kazini, kwa sababu hoja yake ina msingi.

Wengi wetu tunarekebisha vioo vya pembeni hadi tuone ubavu wa gari letu, na matokeo yake ni kwamba vioo vitatu vinaonyesha barabara ile ile ya nyuma huku pembeni pakiachwa bila mlinzi. Mwaka 1995 mhandisi wa Marekani, George Platzer, alieleza kijiometri kwa nini maeneo haya hutokea na jinsi ya kuvipanga vioo ili kuyapunguza. Njia inayotokana na maelezo hayo ni rahisi. Egemeza kichwa hadi karibu kigusane na kioo cha dirisha lako, kisha sukuma kioo cha pembeni cha upande wako kwenda nje mpaka ubavu wa gari ubaki unaonekana kwa ukingo tu. Baada ya hapo peleka kichwa katikati ya gari, usawa wa nafasi iliyo kati ya viti viwili vya mbele, na ufanye vivyo hivyo kwa kioo cha upande wa abiria. Ukirudi kukaa kawaida, hutauona tena ubavu wa gari lako, jambo ambalo kwa siku chache za mwanzo linaudhi kwelikweli.

Faida yake utaiona gari lingine likikupita. Litaonekana katika kioo cha ndani, na kabla halijatoka humo litakuwa limeingia katika kioo cha pembeni. Kabla halijakitoka hicho, pua yake utaiona kwa pembe ya jicho. Lijaribu hili mara kadhaa ukiwa unapitwa, huku ukibaki katika leni yako. Kama kuna kitambo ambacho gari linapotea, kioo bado hakijatoka nje vya kutosha.

Hata hivyo, mimi bado nageuza kidevu. Pikipiki ni nyembamba, vioo hutofautiana kati ya gari na gari, na ukisogeza kiti kidogo tu mpangilio wote unabadilika. Kumbuka pia kwamba kioo mbinuko, yaani kilichobinuka kwa nje, ambacho ndicho hutumika upande wa abiria katika magari mengi, kinapanua eneo linaloonekana kwa kuvifanya vitu viwe vidogo, na akili husoma udogo huo kama umbali. Ndiyo sababu vioo vya namna hiyo katika magari ya Marekani huandikwa onyo kwamba vitu viko karibu kuliko vinavyoonekana. Kabla ya kuamini umbali ulioonyeshwa humo, linganisha na kioo cha ndani ambacho ni bapa.

Jibu la 3

Ninaendesha lori la tela, na ningependa kuongeza yale yanayoonekana kutoka juu huku.

Mimi kioo cha ndani hakinifai kitu, kwa sababu nyuma yangu ni ukuta wa mzigo. Maelekezo ya usalama yanayotumika Marekani yanakadiria kwamba dereva wa lori kubwa haoni kitu kilicho ndani ya mita 6 hivi mbele ya bampa, wala kilicho ndani ya mita 9 hivi nyuma ya tela. Upande wa abiria ndio mbaya zaidi, kwani eneo lisiloonekana hapo linaweza kuenea hadi leni ya pili. Utingo wangu huchungulia dirishani kunisaidia tunapokuwa mjini, lakini katika barabara kuu nategemea vioo na kumbukumbu: nikiona gari dogo limeingia katika kioo na halijatokea mbele, najua bado lipo kando yangu, na siusogezi usukani mpaka nilione tena.

Kumbukumbu hiyo hata wewe wa gari dogo unaihitaji. Kama ungekuwa umetazama vioo kila baada ya sekunde chache tangu mwanzo, pengine ungeiona ile pikipiki ikija, na ilipopotea ungejiuliza imekwenda wapi. Dereva anayetazama vioo pale tu anapotaka kuhama anaona picha moja isiyo na historia.

Na ninakuomba sana, unapopita lori, usikae kando yake. Tazama kioo chake cha pembeni: ikiwa huuoni uso wa dereva humo, naye hakuoni wewe. Pita moja kwa moja, au baki nyuma mahali unapoweza kumwona. Usinichomekee mbele mara tu unapolipita bampa langu, kwa sababu unarudi kwenye yale maeneo ambayo sikuoni, nami nina tani nyingi za kusimamisha.

Jibu la 4

Nawashukuru wote. Ninaomba niwasemee wale ambao shingo zetu haziruhusu tena. Nina tatizo la pingili za shingo na siwezi kugeuza kichwa hata nusu ya anavyoshauri mwalimu. Nimetanua vioo kama alivyoeleza mchangiaji wa pili, na nimebandika kioo kidogo cha mbinuko katika kona ya kila kioo cha pembeni. Kilichonisaidia zaidi ni kuinamia mbele kidogo, kuelekea usukani, ninapotazama kioo cha pembeni: pembe ya jicho inabadilika na kioo kile kile kinafunua sehemu ambayo dakika hiyo hiyo ilikuwa imefichika. Gari langu lina pia taa ndogo ya tahadhari katika kioo, inayowaka chombo kinapokuwa ubavuni. Inapowaka naiamini mara moja, lakini isipowaka sichukulii kuwa ni ruhusa, kwa sababu vihisio vikichafuka kwa tope vinaweza visione kitu.

Muulizaji

Nashindwa kueleza shukrani zangu. Jana jioni nilifanya zoezi la mwalimu na dada yangu. Alipotea kiooni akiwa ameupita kidogo mwisho wa gari, na hakuonekana tena kwa pembe ya jicho mpaka alipofika karibu usawa wa kiti changu. Tulirudia mara tatu kwa sababu sikuamini. Kisha nilitanua vioo, na sehemu aliyokuwa akipotea ikabaki ndogo mno, ingawa aliposimama ubavu na kujikunyata kama mtu aliye juu ya pikipiki bado palikuwa na mahali ambapo sikumwona bila kugeuza kidevu. Niligundua pia kwamba kiti changu kilikuwa nyuma sana.

Limebaki swali moja. Magari yakiwa yamebanana, naogopa kutoa macho mbele hata kwa sekunde moja, kwani aliye mbele yangu anaweza kufunga breki. Nifanyeje?

Jibu la 1

Hofu hiyo ni ya haki, na ndiyo sehemu ya kweli katika onyo la mwenzako. Kwa kasi ya kilomita 90 kwa saa gari linakwenda mita 25 kila sekunde, kwa hiyo anayegeuka akiwa amemganda aliye mbele anacheza na roho za watu. Nafasi hutengenezwa kabla ya kugeuka. Punguza mwendo kidogo hadi ubaki na angalau sekunde 3 kati yako na aliye mbele: chagua alama kando ya barabara, yeye akiipita anza kuhesabu, na usiwe umeifikia kabla ya kumaliza. Kisha vioo, indiketa, na uiache indiketa iwake kwa sekunde chache ili walio kando yako wapate kuisoma. Kidevu kiwe cha mwisho, kabla tu ya kuugusa usukani, kwa sababu ulichokiona sekunde 5 zilizopita si ushahidi tena. Katika leni tatu angalia hata ile ya mbali, maana aliye huko anaweza kuwa anaitaka nafasi ile ile unayoitaka wewe.

Nafasi isipopatikana, zima indiketa na uendelee na leni yako hadi mchepuko unaofuata, hata kama umechelewa na hata kama aliye nyuma yako anapiga honi.