Betri ya tatu ndani ya mwaka mmoja, na hakuna fundi hata mmoja aliyepima kinachoila!

Wakuu, leo mtanisamehe, salamu ndefu sina. Nina mashine ya kukatia nyasi, ile ya kukalia, na imeshanimalizia betri tatu. Tatu! Ugonjwa ni ule ule kila mara. Jumamosi nakata nyasi, nazima, nachomoa ufunguo, naiingiza bandani. Jumamosi inayofuata nageuza ufunguo: tik, tik, kimya.

Fundi wa kwanza hata kiti hakuinua. Alisikia tu ile tik akasema, "Betri imekufa hiyo, leta nyingine." Wa pili hivyo hivyo, ila yeye akaongeza na lawama kwamba nilinunua feki. Wa tatu angalau alikuja na multimita, kile kipimo cha umeme. Akawasha injini, akagusisha nyaya kwenye betri, ikasoma volti 14.1. Akatabasamu utadhani kafumbua fumbo: "Chaji ipo bosi, kwa hiyo betri ndiyo mbovu." Na mimi mjinga nikanunua ya tatu.

Sasa naomba mtu anieleweshe. Hiyo 14.1 inasema injini ikiwaka betri inapata chaji. Sawa, iko kati ya 13.5 na 14.5, sina ugomvi nayo. Lakini betri yangu haifi injini ikiwa inawaka! Inafia bandani, mashine imelala, ufunguo uko mfukoni mwangu. Mwizi anatokea dirishani, wewe unakagua kufuli la mlango?

Betri ya tatu ilipoanza mchezo ule ule nikasema basi, napima mwenyewe. Nikaichaji usiku kucha, nikaiweka pembeni bila waya wowote. Siku mbili baadaye bado volti 12.7, imejaa. Betri haina kosa, hilo likaisha. Nikairudisha, nikafungua waya wa hasi tu, multimita nikaiweka katikati ya waya na betri, kwenye tundu la ampea 10. (Msije mkapiga stata kipimo kikiwa hapo. Mimi kwa hasira nilisahau nikageuza ufunguo, fyuzi ya kipimo ikakatika hapo hapo. Siku nzima ikapotea kutafuta fyuzi.)

Nikarudia, kila kitu kimezimwa, umeme unaotoka kwenye betri: 0.30. Ni ampea hizo jamani, siyo miliampea! Mashine haina redio, haina saa, ina kile kihesabu masaa tu, na chenyewe kinakula miliampea chache mno. Pigeni hesabu: 0.30 mara saa 24 ni ampea-saa 7.2 kwa siku. Betri yangu ni ya ampea-saa 28. Siku nne imekauka, na stata inagoma hata kabla ya hapo. Na betri inayokaa tupu kila wiki, sulfeti inaganda kwenye plati, haishiki tena chaji. Kwa hiyo zile mbili za kwanza zilikufa kweli, lakini ziliuawa, na muuaji akaachwa ndani ampokee mwenzake mpya.

Nikaanza kuchomoa soketi moja moja, jicho kwenye kioo cha kipimo. Taa, 0.30. Klachi ya visu, 0.30. Swichi ya chini ya kiti, 0.30. Swichi ya ufunguo niliishuku kuliko vyote maana ina kutu, nayo 0.30. Nikafika kwenye regyuleta, kile kidude cha alumini chenye mapezi kilichofungwa ubavuni mwa injini, kinachodhibiti chaji inayokwenda kwenye betri. Kuishika tu, ya vuguvugu! Injini haijawashwa tangu jana, chuma chote kinachoizunguka ni baridi, yeye peke yake ana joto. Nikavuta soketi: 0.00.

Umeme wa betri ulikuwa unarudi nyuma ndani ya regyuleta na kuvujia kwenye bodi, usiku na mchana, huku injini ikiwaka inachaji vizuri tu kama mtakatifu. Koili za chaji, zile zinazozalisha umeme injini ikizunguka, nazo nikazipima kwa sababu simwamini tena mtu: zaidi ya volti 28 za AC kwenye kasi ya juu, nzima kabisa. Nimefunga regyuleta nyingine, nimekwangua na pale inapokaa ili ishike bodi vizuri. Kipimo kinasoma miliampea 4.

Kazi yote hii, ukiondoa kuisubiri betri na ule upumbavu wangu wa fyuzi, haikufika saa moja. Spana moja na kipimo ambacho fundi wa tatu alikuwa nacho mkononi!

Nikampigia simu. Anajibu bila aibu, "Sasa bosi, si ungeniambia inaisha ikiwa imezimwa?" Nilimwambia wakuu. Nilimwambia kabla hajafungua boneti.