Kwa nini Waathene walimtoza faini mtunzi aliyewaliza?

Mwalimu wa Kihesa

Kamwene, ndugu zangu. Ninafundisha Historia na Kiswahili katika shule moja ya sekondari hapa Iringa, na muhula huu nimekabidhiwa kazi ya kuandaa igizo la wanafunzi kwa ajili ya mahafali. Nilikusudia tuonyeshe jinsi ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ilivyoanguka mikononi mwa Wajerumani pale Kalenga mwaka 1894. Nilimwendea mzee mmoja anisimulie aliyoyapokea kwa babu zake. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa upole kwamba Lugalo, tulikowashinda Wajerumani, nicheze nitakavyo, lakini Kalenga niiache, kwa kuwa watu hawaalikwi kwenye sherehe ili walizwe.

Maneno yake yamenirudisha kwenye kisa anachokisimulia Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki wa kale. Waajemi walipouteka mji wa Mileto mwaka 494 K.K., mtunzi Phrynichus alitunga tanzia, yaani tamthilia ya huzuni, juu ya maafa hayo na kuiigiza Athens. Hadhira nzima iliangua kilio, na baada ya kilio Waathene wakamtoza mtunzi faini ya drakma 1,000, wakaamuru mchezo huo usiigizwe tena na mtu yeyote. Kinachonitatiza ni kwamba Wagiriki hao ndio tunaofundishwa kwamba walikwenda kutazama tanzia ili wapate huruma na hofu. Iweje mtu aadhibiwe kwa kuifanya vizuri kazi aliyopewa?

Mstaafu wa Uyole

Mwalimu, ukitaka kulielewa jambo hili, anza na neno analolitumia Herodotus mwenyewe. Anasema Phrynichus alitozwa faini kwa kuwakumbusha Waathene maafa yaliyokuwa *oikeia*, na neno hilo limetokana na *oikos*, yaani nyumba. Huzuni peke yake haikuwa kosa. Kosa lilikuwa kuuchukua msiba wa nyumbani, ambao matanga yake yalikuwa bado hayajaanuliwa, na kuuweka jukwaani.

Mileto (ndiyo ile ambako Paulo aliwaaga wazee wa Efeso miaka mingi baadaye) ulikuwa mji wa Waionia, Wagiriki wa pwani ya Asia, na Waathene waliwahesabu Waionia kuwa ndugu wa damu. Waionia walipowaasi Waajemi mwaka 499 K.K., Athens ilipeleka meli 20, na askari wake walikuwamo katika msafara ulioichoma Sardi, mji uliokuwa chini ya Waajemi, mwaka uliofuata. Kisha wakashindwa vita wakiwa njiani kurudi pwani, wakapanda meli zao, wakaenda kwao, na walipoombwa msaada tena wakakataa. Mileto ilipozingirwa, hapakuwa na meli hata moja ya Athens. Wanaume wengi waliuawa, na wanawake na watoto wakachukuliwa utumwani. Sasa mtu anayelia matangani huku akijua kwamba aliitwa mgonjwa angali hai naye hakwenda, kilio chake hakifanani na cha wengine, na hawezi kumshukuru anayemsimulia upya jinsi marehemu alivyokuwa akimtaja jina.

Zingatia pia mahali penyewe. Tanzia ziliigizwa kwenye sikukuu kubwa ya Dionysos, mungu wa mvinyo, iliyoadhimishwa mwanzoni mwa majira ya kuchipua, bahari ilipoanza kupitika na wageni kufika. Haikuwa burudani ya kukata tiketi na kwenda zako. Mtawala wa mwaka ndiye aliyewachagua watunzi 3 wa tanzia, na kila mmoja, kwa utaratibu tunaoujua vizuri zaidi wa karne hiyo ya 5, alileta tanzia 3 pamoja na mchezo mmoja wa kuchekesha. Tajiri mmoja alibebeshwa gharama za kuwavisha na kuwafundisha waimbaji, kama vile mtu anavyotwishwa kamati ya harusi bila kuulizwa vizuri. Washindi waliamuliwa kwa kura za waamuzi waliotoka katika makabila 10 ya mji. Katika miaka ya nguvu za Athens, kabla ya michezo kuanza, fedha za kodi kutoka miji washirika zilipitishwa mbele ya hadhira, na yatima ambao baba zao walikufa vitani walitembezwa wakiwa wamevaa silaha walizopewa na mji. Hizo ndizo siku ambazo mji ulijionyesha kwa wageni wake, na mwenye nyumba akiwa na wageni hapendi kuulizwa habari za ndugu aliyemtelekeza.

Ndipo tamthilia ya Aeschylus, mtunzi mwingine wa Athens, ya mwaka 472 K.K., iitwayo Waajemi, inapotia maana. Ni tanzia ya Kigiriki iliyo kongwe kuliko zote zilizotufikia nzima, na gharama zake zilibebwa na Pericles, aliyekuja kuwa kiongozi mashuhuri wa Athens, ambaye wakati huo alikuwa kijana. Nayo pia inahusu tukio la karibu, yaani vita vya baharini vya Salamis vya mwaka 480 K.K., ambako Wagiriki waliwashinda Waajemi, lakini mtunzi amekihamishia kilio Susa, ile Shushani ya kitabu cha Esta. Wanaolia ni mama yake mfalme Xerxes na wazee wa baraza lake. Hakuna Mgiriki hata mmoja anayetajwa kwa jina. Aeschylus mwenyewe alipigana na Waajemi kule Marathon mwaka 490 K.K., na huko ndiko alikouawa ndugu yake Cynegeirus, kwa hiyo hakuwa mtu wa kuwahurumia Waajemi kwa kutoijua vita. Alipewa ushindi wa kwanza. Mzee wako, bila shaka pasipo kumsoma Mgiriki yeyote, amekuambia jambo lile lile: Lugalo, ambako kamanda wa Kijerumani Zelewski na kikosi chake waliangamizwa mwaka 1891, ni Salamis yenu, Kalenga ni Mileto.

Binti wa Rungwe

Ndaga, mzee wetu, kwa maelezo hayo. Naomba niweke pingamizi moja. Herodotus hasemi popote katika kisa hicho kwamba Waathene walijiona wana hatia. Hiyo ni tafsiri yetu, hata kama ina mantiki. Anachofanya ni kuwalinganisha na watu wa Sybaris, mji wa Wagiriki kule Italia. Mji wa Sybaris ulipoangamizwa, watu wa Mileto walinyoa nywele kwa msiba. Lakini ilipofika zamu ya Mileto, mabaki ya Wasybaris hawakuwarudishia rambirambi hiyo. Waathene walihuzunika sana, na kile kilio cha kwenye mchezo kinaletwa kuwa ushahidi. Kwa hiyo katika simulizi lenyewe faini ni alama ya mapenzi kwanza. Mtu anaweza kukataza jambo lisitajwe kwa sababu analipenda mno, na nadhani mzee wa Mwalimu yuko upande huo. Yeye hana hatia yoyote ya Kalenga.

Fundi wa Makambako

Drakma 1,000 hazikuwa fedha kidogo. Hesabu za ujenzi wa hekalu la Erechtheion, zilizochongwa kwenye mawe mwishoni mwa karne hiyo, zinaonyesha fundi akilipwa drakma 1 kwa siku, na mimi nikiwa mwashi naelewa maana ya kufanya kazi siku elfu moja ili kulipia mchezo mmoja. Hata hivyo Phrynichus hakufungiwa kutunga. Mwaka 476 K.K. alipata ushindi, na aliyemgharimia ni Themistocles, yule aliyewaongoza Waathene kule Salamis. Adhabu iliifuata tamthilia, mtunzi akaachwa aendelee.

Kwa igizo lako, Mwalimu, mimi ningeazima desturi yao nyingine. Katika tanzia zao mauaji kwa kawaida hayakufanyika mbele ya macho ya watu. Huja mjumbe, akasimama, akaeleza alichokiona, na waimbaji wakaitikia. Wanafunzi wakianza kupigana kwa mikuki ya mabua, watazamaji watacheka hata kama wanaonyesha msiba. Msimulizi mmoja akisema polepole jinsi mizinga ilivyobomoa ukuta wa mawe, hatacheka mtu.

Mwalimu wa Kihesa

Nawashukuru nyote. Pingamizi la dada wa Rungwe limenigusa zaidi, kwa sababu nilikuwa tayari kumhesabu yule mzee miongoni mwa waoga wa historia. Ushauri wa Fundi nao nimeuchukua, na nimeona mahali pa kuutumia. Igizo halitaanzia mwaka 1894. Litaanzia tarehe 19 Juni 1954, siku fuvu la Mkwawa lilipokabidhiwa Kalenga na Gavana Twining, likiwa limerudi kutoka Ujerumani. Watu wamekusanyika wakingoja, na bibi mmoja mzee, aliyekuwa msichana mdogo ngome ilipoanguka, anawasimulia vijana waliomzunguka huku kundi la wanawake likimwitikia kwa Kihehe. Vita vyote vitakuwa ndani ya maneno yake.

Jumamosi nitarudi kwa mzee nikiwa na ukurasa wa kwanza. Nitamwomba aniambie kama wanawake hao waitikie kwa wimbo wa matanga au wa kupokea mgeni, maana mimi mwenyewe bado sijaamua.