Barabara ya zamani ya Athene hadi Patras: kwa nini haiachani na pwani?

Swali
Ndugu zangu, ninakusudia kusafiri kwa gari kutoka Athene hadi mji wa Patras, nchini Ugiriki, nikifuata barabara ya zamani ya kitaifa namba 8, wala si ile mpya ya kulipia. Kwenye ramani naona imeandamana na bahari karibu mwendo wote. Kwa nini haikupitishwa bara, na ni kipande kipi nisichopaswa kukikosa?

Jibu la kwanza
Sababu ni milima. Ukishaviacha viwanda vya Elefsina na mji wa Megara, milima ya Geraneia inaporomoka hadi Ghuba ya Saronic kwa ghafla kiasi kwamba barabara na reli zimelazimika kugombania ukanda mmoja mwembamba uitwao Kakia Skala. Ndipo hapo, katika hadithi za kale, mnyang'anyi Skiron alipokuwa akiwatupa wasafiri baharini hadi alipouawa na shujaa Theseus; na katika karne ya 2, Hadrian, mfalme wa Roma, aliipanua njia hiyo ili magari mawili ya farasi yaweze kupishana. Leo barabara ya kulipia inapenya majabali hayo kwa mahandaki, ilhali ya zamani imebaki nje, bahari ikiwa chini yake. Kwangu mimi, hicho ndicho kipande cha kwenda nacho polepole. Mbele yake ni Kineta, Agioi Theodoroi, kisha Mfereji wa Korintho uliofunguliwa mwaka 1893.

Jibu la pili
Nakubaliana na aliyetangulia, ila nusu ya pili isipuuzwe. Baada ya Korintho barabara inaifuata ghuba yenye jina hilo kupitia Kiato, Xylokastro, Derveni, Akrata na Diakopto, ikikatiza katikati ya miji yenyewe, huku milima ya ng'ambo ikionekana upande wa kulia. Diakopto ndipo inapoanzia reli ya meno (ambayo treni hupanda mteremko mkali kwa gurudumu lenye meno linalonasa reli ya katikati) iendayo Kalavryta, iliyofunguliwa mwaka 1896.

Mwuliza swali
Nawashukuru sana. Je, safari hiyo yafaa kwa siku moja?

Jibu la pili
Yafaa, mradi uondoke asubuhi, kwa kuwa ni takriban kilomita 210 zenye miji mingi. Ukichelewa, ingia barabara ya kulipia, iliyokamilika hadi Patras mwaka 2017, kisha utoke Rio, lilipo daraja la kwenda Antirrio, ng'ambo ya ghuba.